Pampu ya karavani inanguruma usiku koki zote zikiwa zimefungwa, na bafuni kunanuka

Taratibu_Barabarani

Wakuu, habari za humu. Naombeni msaada, nimehangaika hadi nimegonga mwamba.

Nina karavani ya kuvutwa na gari. Tangi la maji safi ni la lita 100, pampu ni ya volti 12, na choo ni kile cha kukanyaga pedeli, uchafu unashuka moja kwa moja kwenye tangi lake chini. Hii ni wiki ya tatu: usiku tukishalala, pampu inanguruma ghafla, sekunde moja hivi, kisha kimya. Baada ya kama robo saa, inanguruma tena. Koki zote nimezikagua, zimefungwa. Mke wangu analala upande wa pampu, kwa hiyo siku hizi naizima kabla ya kulala, na mtoto akitaka kunawa usiku naamka kuiwasha.

Nimelala kifudifudi na tochi nikapitisha tishu kavu kwenye kila kiungio ninachoweza kukifikia: chini ya sinki, nyuma ya hita, kwenye pampu yenyewe. Tishu inatoka kavu, sakafu kavu. Nikafungua chujio la pampu, nikakuta vipande vidogo vyeupe vya plastiki, nikalisafisha na kulirudisha. Hali ni ile ile.

La pili, sijui kama yana uhusiano. Bafuni kunanuka, na nikiwasha feni ya kwenye paa ndipo harufu inazidi. Halafu taa za kipimo cha tangi la choo zinaonyesha theluthi mbili hata kama nimetoka kumwaga dakika tano zilizopita. Nimeweka dawa ya tangi mara mbili ya kiasi kilichoandikwa, wapi. Nimeanza kufikiria kununua pampu mpya.

Fundi_Volti12

Pole sana mkuu. Pampu usinunue kwanza.

Ndani ya hiyo pampu kuna swichi ya presha. Presha ikifika kiwango chake, nyingi ni karibu na bar 3, swichi inakata. Presha ikishuka, inawasha. Sasa ikiwaka wakati hakuna aliyefungua koki, ujue maji yanatoka mahali. Ama yanavuja kwenda nje ya mabomba, ama yanarudi kinyumenyume kwenye tangi kupitia valvu ndogo iliyomo kwenye kichwa cha pampu, ile ya kuzuia maji yasirudi. Chembe moja ya uchafu ikikaa pale, valvu haifungi. Angalia pia lile tundu la nje la kuunganishia mpira wa maji, lina valvu kama hiyo na huwa linadondosha nje bila mtu wa ndani kujua.

Cha kufanya: bandika utepe kwenye ubavu wa tangi, usawa wa maji ulipo. Pampu ibaki imewashwa usiku kucha, mtu yeyote asiguse maji, na karavani isisogezwe. Asubuhi usawa ukiwa pale pale, maji yanarudi tangini, fungua kichwa cha pampu. Ukiwa umeshuka, pampu haina kosa, inafanya kazi yake.

Taratibu_Barabarani

Nimefanya, Fundi. Tangi letu liko chini ya kiti, ubavu unaonekana vizuri. Nilibandika utepe saa nne usiku. Saa kumi na mbili asubuhi maji yalikuwa yameshuka upana wa kidole kimoja. Nikarudishia kwa chupa ya lita moja hadi usawa wa utepe: chupa nne kasoro kidogo!

Tundu la nje kavu. Chini ya karavani, ardhi kavu. Lita nne zimekwenda wapi?

Mama_Magurudumu

Ndugu yangu, nikuulize. Bakuli la choo, ukiliachia maji kidogo usiku, asubuhi unayakuta? Na tangi la choo, halijai upesi kuliko zamani?

Sisi tulikaa na shida hiyo msimu mzima. Nyuma ya choo kuna valvu ndogo ya plastiki, pedeli ndiyo inayoifungua. Ikichoka, inadondosha. Maji yanateleza taratibu ukutani mwa bakuli, yanafika chini, na kama raba ya kule chini, inayoziba tundu la bakuli, nayo haifungi, yanapita yanaingia kwenye tangi. Huoni tone sakafuni wala maji kwenye bakuli. Unasikia pampu tu.

Na harufu inaeleweka pia. Yale maji kidogo yanayobaki kwenye bakuli ndiyo kizuizi cha hewa ya tangi. Bakuli likiwa kavu, hakuna kinachoizuia. Feni ya paa inavuta hewa, na madirisha yakiwa yamefungwa inaivuta kutoka kule chini. Dawa ungeweka hata ndoo isingesaidia.

Funga stopu koki ya nyuma ya choo, washa pampu, kaa hapo saa moja nzima usikilize. Ikinyamaza, umempata mchawi. Kisha fungua tena, kausha bakuli kwa kitambaa, na uweke kipande cha tishu kavu pale maji yanapoingilia. Kikilowa bila pedeli kuguswa, badilisha valvu. Raba usikimbilie kubadilisha. Vaa glavu, shikilia pedeli chini, usugue mfereji wa ile raba kwa mswaki wa zamani hadi ndani kabisa, kisha paka mafuta ya silikoni. Mafuta ya mgando usipake, yanaweza kuvimbisha raba.

Fundi_Volti12

Mama Magurudumu ameona mbali, choo mimi sikukifikiria.

Kuhusu kipimo: ndani ya ukuta wa tangi kuna vichwa vya chuma vinavyosoma kwa kuguswa na maji. Karatasi na utando vikiganda juu yake, kipimo kinasema tangi limejaa. Mkuu, mkiwa kambini mmeunganisha bomba la maji taka, valvu ya tangi la choo huwa mnaiacha wazi?

Taratibu_Barabarani

Ndiyo, wazi muda wote. Nilidhani ndiyo vizuri, yajimwage yenyewe.

Fundi_Volti12

Hapo ndipo penye kosa. Maji yanakimbia, uchafu mzito unabaki na kurundikana chini ya choo hadi unakauka. Ifunge, umwage likifika kama theluthi mbili, kisha fungua tangi la maji ya sinki yasafishe bomba la maji taka. Ukimaliza kumwaga, weka lita kadhaa za maji safi kabla ya kutumia choo. Kwa sasa jaza maji hadi nusu na sabuni ya maji ya vyombo, endesha gari yatikisike, mwaga, rudia. Na tafadhali, usimwage klorini humo juu ya dawa uliyokwisha kuweka, unaweza kuzalisha gesi yenye sumu.

Taratibu_Barabarani

Narudi na majibu. Nilipofunga stopu koki ya choo, pampu haikunguruma hata mara moja kwa saa moja na nusu. Tishu kwenye bakuli ililowa ndani ya dakika tatu. Valvu mpya nimefunga jana, skrubu mbili tu, iliyonisumbua ni klipu ya mpira wa maji.

Raba nimeisugua. Kwenye mfereji kulikuwa na pete ya chokaa nyeupe, ngumu kama chaki, na kipande cha karatasi kilichokunjika kimeshikwa katikati yake. Nilitumia karibu saa nzima kuitoa bila kuichana raba. Jana usiku niliacha maji kwenye bakuli, nikachora mstari kwa penseli. Leo asubuhi yako kwenye mstari. Feni niliiwasha madirisha yamefungwa, nikasimama bafuni, hakuna harufu. Pampu imelala usiku kucha, nasi pia.

Kipimo kimeshuka hadi theluthi moja baada ya safari mbili za maji ya sabuni. Nitarudia tena mwisho wa wiki. Mama Magurudumu, Fundi, asanteni sana, Mungu awabariki.