Mrejesho: kabati la bibi, Mikindani

Wakuu nimerudi, ni yule niliyeuliza namna ya kufufua kabati la mninga la bibi na kuhamishia picha ya jahazi kwenye milango. Asanteni sana jamani. Mliosema nisipake rangi kabla ya msasa mlikuwa sahihi, ile vanishi ya zamani nimeipiga msasa siku mbili ila rangi ya maji imeshika vizuri, koti mbili tu.

Mlango wa kwanza nilitumia printa ya wino wa maji, kulowesha tu karatasi niitoe, jahazi lote likayeyuka ikabaki bluu tupu, nikapaka upya. Ndo nikamfuata aliyesema fotokopi ya wino wa unga, picha igeuzwe kama kwenye kioo, unaibandika mlangoni kifudifudi kwa gundi nyeupe ya mbao, ilale usiku mzima, halafu unalowesha na kusugua karatasi taratibu kwa kidole. Imetoka aisee, milango yote miwili! Tanga moja limechubuka pembeni maana niliharakisha, huku pwani unyevu mwingi bora usubiri siku mbili. Juu nimefunga na vanishi ya maji.

Bibi kalipapasa lile tanga akauliza nani kachora.