Laivu bendi Mwanza: wapi saundi safi na paking ya uhakika?

Wakuu, Jumamosi natokea Shinyanga na wageni, wazee wa rumba hasa, nataka niwapeleke kwenye laivu bendi sio hizi za dijei kuchomeka flashi. Nianzie Kirumba, Capri Point au nitoke ufukweni Ilemela? Nina gari, na bia ya moto sinywi.

— Mkuu uhai uko Kirumba, ila kumbi nyingi juu bati chini tailizi, sasa besi ikigonga inazunguka humo ndani mpaka mwimbaji unamwona midomo tu. Kaa karibu na fundi mitambo, maana saundi anaipimia masikio yake mwenyewe. Ukijibanza chini ya spika usije kulia humu.

— Ufukweni ndio mpango, hakuna ukuta wa kurudisha sauti, seben (ile sehemu ya rumba ya magitaa na kucheza) ikichanganya, solo gitaa unalisikia uzi kwa uzi. Upepo wa ziwani tu ndio unazingua, na wale wadudu wakijaa kwenye taa funika glasi yako. Sato wa kuchoma agiza mapema.

— Capri Point kumetulia, bei nazo zimechangamka 😂 Kirumba geuza gari litazame barabara kabisa, la sivyo saa nane usiku unazunguka meza kwa meza kumtafuta mwenye Noah aliyekuziba.

— Basi Ilemela. Bia za Balimi zipo?

— Mwanza hii ukose Balimi? Omba ya chini ya friji, za juu zimeingizwa sasa hivi.