Amemaliza dawa za TB lakini bado anahema: nianze na mazoezi gani?

Fizio_Tukuyu
Wakuu, habari za kazi. Mgonjwa ni mkulima wa chai, miaka 52. Amemaliza dozi ya miezi 6 na makohozi ya mwisho hayakuwa na vimelea. Akipanda kilima anasimama kila mara, na asubuhi anatoa makohozi mazito. Tuna oksimita (ya kupima oksijeni ya damu kidoleni), spairomita (ya kupima nguvu ya mapafu) hatuna, korido ni mita 15. Nianze na kupumua au miguu? Na ile chupa ya maji ya kupulizia, ya kulegeza makohozi, hutengenezwaje?

PumziNyanda
Pima kwanza, mkuu. Kutembea dakika 6 kwenye mita 15 kunafaa, ila usitumie majedwali ya umbali wa kawaida yaliyopimwa kwenye korido ya mita 30, maana kugeuka kwingi kunakula mwendo. Mlinganishe na yeye mwenyewe, korido ile ile. Akiongeza kama mita 30 baada ya wiki 8, hapo kuna kitu.

Kipimo hicho hicho kinakupa dozi. Akitembea mita 300, ni mita 50 kwa dakika. Anza na asilimia 80, yaani mita 40 kwa dakika, tena tambarare. Kilima kisubiri. Ongeza kusimama na kukaa kitini mara 8 hadi 10, seti 2, siku 3 kwa wiki. Kuhema, kwa makadirio yake mwenyewe, kufike 3 au 4 kati ya 10. Kutoa hewa kwa midomo iliyobanwa kunamtuliza tu, mapaja hakuyapi nguvu, na wengi wetu tunaishia hapo.

Bi_Mrija
Chupa: ya lita 1 au 1.5, mrija wenye tundu la milimita 8 au zaidi, ncha yake iwe sentimita 10 chini ya uso wa maji. Kina hicho ndicho shinikizo lenyewe. Mpira wa dripu usitumike: tundu ni jembamba, shinikizo linapanda bila wewe kujua. Wala usizibe mdomo wa chupa kwa plasta, hewa itatokea wapi?

Avute kwa pua, apulize polepole mapovu yatoke mfululizo, mashavu yasivimbe. Pumzi 10, kisha atoe hewa kwa nguvu mara 2 koo likiwa wazi, kama anayetia mvuke kwenye kioo, ndipo akohoe. Mizunguko 3 au 4, kabla ya kutembea. Maji yabadilishwe kila siku, vyombo vioshwe kwa sabuni vikauke. Akitoa damu, au kama pafu liliwahi kuvuja hewa, chupa isiguswe mpaka daktari amwone.

Fizio_Tukuyu
Asante, dada. Akiwa amekaa oksimita inasoma asilimia 92. Nimzuie?

PumziNyanda
Hapana. Huku juu (Mbeya mjini ni kama mita 1,700) 94 kwa mtu mwenye afya si ajabu. Ila baridi ya Julai inadanganya: mpashe vidole joto, futa rangi ya kucha, subiri mapigo yatulie. Kwenye mazoezi ikishuka chini ya 88, akae. Endelea kuitazama nusu dakika baada ya kusimama, mara nyingi ndipo inapofika chini kabisa. Ikishuka hivyo kwa mwendo wa polepole, daktari aangalie na moyo.

Bi_Mrija
Homa, jasho la usiku na kukonda vikirudi, sitisha mazoezi, apimwe TB upya. Ombeni makohozi yaoteshwe maabara, maana GeneXpert (kipimo cha vinasaba vya TB) inaweza kunasa mabaki ya vimelea vilivyokwisha kufa.