Naombeni ushauri: Fuso taa hafifu usiku, na rangi imepauka

Mzigo_Njombe:
Wakuu, habari za majukumu. Nina Fuso Fighter, nabeba viazi kutoka Njombe kwenda Dar. Napakia jioni, kwa hiyo Kitonga naishuka usiku na Mikumi naipita alfajiri bado giza. Wiki iliyopita ndani ya hifadhi nilimwona nyati nikiwa nimeshamkaribia kabisa. Nilisimama kwa shida, turnboi alilia. Tangu siku hiyo sina amani.

Vioo vya taa ni vya plastiki, vimekuwa njano. Glopu ni H4 za volti 24. Kuna fundi alinifungia spotilaiti mbili za volti 12 akachukua umeme kwenye betri moja, na tangu hapo nimeshanunua betri mara mbili. Nafikiria kuweka LED.

La pili, kichwa ni chekundu na kimepauka. Ukipitisha kiganja, kinabaki na unga mwekundu. Hela ya kupiga rangi upya sina. Kuna ninachoweza kufanya mwenyewe nyumbani?

Bonde_la_Usangu:
Mkuu weka LED kali, uachane na hayo mawazo. Mimi nimeweka na barabara inakuwa kama mchana.

Fundi_Waya:
Mzigo_Njombe, pole sana kwa hilo la nyati. Usinunue chochote kwanza.

Kioo cha H4 kimechongwa kufuata mahali waya wa glopu unapowakia. LED ikikaa pembeni hata kidogo, mwanga unatawanyika: karibu na bampa panang'aa sana, mbali panabaki giza, na anayekuja mbele yako haoni kitu. Ndugu yangu wa Usangu, hiyo "kama mchana" ni mita chache za mbele yako. Nyati wa mwenzetu yuko mbali zaidi ya hapo.

Chukua mita. Washa injini, washa taa, pima kwenye betri zote mbili kwa pamoja, halafu pima nyuma ya glopu yenyewe ikiwa inawaka. Leta namba hapa.

Mzigo_Njombe:
Nimepima leo asubuhi. Kwenye betri 27.8. Kwenye glopu ya kushoto 22.9, ya kulia 23.4.

Fundi_Waya:
Ugonjwa ndio huo. Volti karibu tano zinapotelea njiani: swichi iliyochoka, waya mwembamba wa zamani, na ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye bodi) yenye kutu. Glopu ya kawaida, volti zikipungua asilimia 10, mwanga unapungua karibu asilimia 30. Kwa namba zako, taa ya kushoto inatoa karibu nusu tu ya mwanga wake.

Anza na ethi. Fungua bolti zake, kwangua mpaka uone chuma cheupe, funga tena, paka grisi. Kisha fundi akuwekee rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) mbili, moja ya dimu na moja ya fulu, ziwe za volti 24 (ya volti 12 itaungua). Waya wa milimita za mraba 2.5 utoke kwenye betri, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Swichi ya ndani ibaki na kazi ya kuamsha rilei tu. Rudisha H4 za 75/70 wati zenye ubora, basi.

Hizo spotilaiti zitoe leo. Betri zako zimeungwa mfululizo na alteneta inazichaji kama kitu kimoja. Ukinyonya moja peke yake, hiyo inabaki na njaa kila siku na mwenzake inazidishiwa chaji. Ndiyo maana zinakufa.

Mama_Gereji:
Kaka, niongezee kwenye vioo. Dawa ya meno inang'arisha wiki mbili tu. Bandika masking tepu kuzunguka taa, tumia msasa wa maji 800, 1000, 1500, 2000, umalizie 3000, kila namba ukibadili mwelekeo. Ule uji unaotoka utakuwa wa njano. Ukigeuka mweupe, ile ngozi iliyoungua imekwisha. Piga kampaundi (dawa nzito ya kusugulia), kisha klia (rangi angavu ya juu) ya hadina, ile ya kuchanganya na dawa ya kugandisha, yenye kinga ya jua. Bila klia vitarudi njano upesi. Vaa barakoa ya kupulizia rangi, ule moshi wa klia ni hatari kwa mapafu, na watoto wasiwe karibu.

Kuhusu rangi, una bahati. Unga mwekundu maana yake rangi yako haina klia juu, na hiyo inarudi. Ingekuwa klia inabanduka magamba, ningekwambia hakuna polishi ya kuiokoa. Ioshe kwa shampuu ya gari, ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuza kitambaa. Sabuni ya unga acha. Fanya kivulini bati likiwa la baridi, kipande kwa kipande, kampaundi kisha polishi laini kisha nta. Kitambaa kitakuwa chekundu, usiogope, ni rangi iliyokufa inatoka. Kwenye kona na mikunjo tumia mkono, rangi ni nyembamba hapo. Na usikubali mtu alete grainda ya kukatia chuma: inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, itachoma rangi mpaka bati.

Dereva_wa_Kusini:
Msisahau kulenga taa. Ukipakia lumbesa pua inanyanyuka, na dimu inageuka fulu kwa wenzako. Lenga ukiwa na mzigo, mita 10 kutoka ukutani, mstari wa mwanga uwe chini ya kimo cha taa kwa sentimita 10 hadi 15.

Mzigo_Njombe:
Wakuu, nimerudi. Rilei zimefungwa, ethi imesafishwa, sasa kwenye glopu nasoma 27.3. Jana usiku nimeona twiga wakiwa mbali kabisa, nikapunguza mwendo taratibu. Asanteni kwa moyo wote. Vioo nafanya Jumapili. Dada Mama_Gereji, mlango wa kushoto nimeshapiga, unang'aa, lakini pale kulipokuwa na stika ya mwenye gari wa zamani maandishi bado yanasomeka.

Mama_Gereji:
Hapo chini ya stika jua halikufika, ndiyo rangi halisi ya gari lako. Rudia kampaundi pembeni mwa herufi mara mbili. Kivuli kikibaki baada ya hapo, acha. Ukiendelea kukwangua utafika kwenye praima, ile rangi ya chini.