Naomba ushauri: modemu inapokea simu lakini haitambui namba anazobonyeza mpigaji

Wakuu, habari za muda huu. Nimekwama, naomba mnisaidie.

Nataka kompyuta ipokee simu yenyewe: mpigaji asikie sauti, "kwa bei bonyeza 1, kuongea na mhudumu bonyeza 2", kisha apelekwe panapohusika. Nina modemu ya USB yenye laini, na kompyuta ya zamani ya Linux niliyowekea Asterisk (programu ya kupokea na kuelekeza simu) pamoja na chan_dongle (kiunganishi cha Asterisk na modemu). Modemu yenyewe inaruhusu sauti. Nimeipima kwa amri ya modemu AT^CVOICE? ikajibu 0, yaani sauti imewashwa. (Ya kwanza niliyonunua ilikuwa ya data tu, hela ikaenda hivyo hivyo.)

Sauti nimerekodi mwenyewe kwa simu. Mwanzoni ilitoka kama jini la kwenye mtungi, hadi nilipoigeuza kuwa WAV ya mono, 8000 Hz, biti 16. Sasa inasikika safi.

Tatizo ni namba. Nikipiga na kubonyeza 1, mara inasoma, mara inakaa kimya, na jana ilisoma 1 mara mbili kwa mbonyezo mmoja. Nahisi mlio wa kitufe unaharibika njiani, maana mtandao wa simu huibana sana sauti. Au ni mpangilio wangu wa DTMF (milio ya vitufe vya simu) na kiwango cha rxgain (ukubwa wa sauti inayoingia)?

Aliyewahi kufanya hii kitu, ulitatuaje? Na kama modemu ni kujitesa tu, bora nihamie SIP (simu za kupitia intaneti), niambieni bila kunionea aibu.