Nataka kufunga sabufa ndogo kwenye buti la IST, ipi haitanisumbua?

Kitulizo_Tz
Wakuu salaam. Nina IST ile ya 1300cc. Redio bado ni ile iliyokuja nayo kutoka Japani, menyu zote Kijapani, nabonyeza kwa kukariri. Spika za milango zimechoka, ukiongeza sauti zinakoroma kama mzee aliyelala chali. Sitaki makubwa wala sina shida ya kutikisa vioo vya watu. Nataka bezi ya kuisikia kifuani kidogo nikiwa kwenye foleni ya Tazara, basi.

Bajeti laki nne pamoja na ufundi. Buti langu lina nafasi ndogo kidogo, kwa hiyo msinipeleke kwenye maboksi ya harusini. Naambiwa kuna inchi 8, 10 na 12. Ipi inafaa? Naomba majibu mapema, Jumamosi kuna fundi anasubiri nimwambie kitu. Naomba kuwasilisha.

Popo wa Mchana
Nimewahi siti ya mbele. Karanga ninazo. Wataalamu waje.

Fundi Bila Bisibisi
Mkuu, inchi zisikuchanganye, anza na boksi. Inchi 10 kwenye boksi lililozibwa pande zote inataka lita 20 hadi 28 hivi za hewa, yaani ndoo moja ya maji au zaidi kidogo. Inchi 12 kwenye boksi lenye tundu inataka lita 50 na kuendelea, hapo ni ndoo mbili na nusu zimekaa kwenye buti lako, na amplifaya bado hujaiwekea mahali. Ukiibana inchi 12 kwenye boksi la inchi 8 utapata ngoma ya mchiriku, siyo bezi.

Pili, achana na maandishi ya nje ya boksi. "1200W" hiyo ni ya kuuzia. Tafuta palipoandikwa RMS, ndiyo watt zenyewe. Kwa IST, watt 100 hadi 150 za RMS zinatosha kabisa, maana buti lake halijatengwa na abiria kama la sedani, sauti inakuja moja kwa moja.

Tatu, redio za Japani za namna hiyo mara nyingi hazina matundu ya RCA nyuma, yale ya kupeleka sauti kwenye amplifaya. Chagua amplifaya inayokubali kupokea waya za spika moja kwa moja, vinginevyo utauziwa kidude kingine cha kubadilisha sauti. Halafu hiyo redio inaishia FM 90, si ndiyo? Stesheni nyingi za mji huzipati. Usije ukafunga bezi la kusikilizia mikwaruzo.

Tupe vipimo vya buti: upana, kina na kimo. Na unasikiliza mziki gani?

Mama Wawili wa Chanika
Laki nne ya kutetemesha buti! Mdogo wangu, una kiwanja? Kwa bei za huku kwetu hizo ni tofali mia mbili na zaidi. Mume wangu naye alianza hivihivi mwaka juzi, mara sabufa, mara taa za chini, mara siti za ngozi. Gari limeuzwa, na aliyelinunua kazing'oa spika zote. Ukuta wa choo mpaka leo unatusubiri.

Kitulizo_Tz
Asante Fundi. Dada, kiwanja kipo, tusiende huko. Mziki ni singeli na bongo fleva, Jumapili kwaya. Vipimo nitaleta. Ila mbona hujajibu kuhusu inchi 12? Nikilaza boksi je?

Babu Asiyesinzia
Vijana mna haraka ya kuwa viziwi. Mimi miaka ya themanini nilikuwa nacheza disko Magomeni, tunasimama mbele ya spika kuonyesha ubabe. Leo mjukuu ananiita mara tatu. Mwaka 2023 NEMC, wale wa baraza la mazingira, walipofungia mabaa kwa kelele mlilia sana humu, mkasema mnaonewa. Sasa mnahamishia baa ndani ya gari na kufunga vioo. Nani atakuja kuwafungia huko?

Nyundo ya Segera
Mleta mada nisikilize mimi niliyeungua. Nilikuwa na Noah, nikafungiwa mziki na fundi mmoja hodari wa maneno. Waya wa betri kanipigia mwembamba, mwekundu, mzuri unang'aa. Fyuzi ilipokatika mara mbili, akaitoa, akaunga nyuzi mbili za kopa katikati, akaniambia "hii haikatiki tena bosi". Na kweli haikukatika.

Tunakwenda Tanga msibani, tumepita Segera, shemeji anasema nasikia harufu ya sahani ya plastiki. Nikasimama, kufungua boneti moshi mweupe unatoka pale waya unapopenya kuingia ndani. Gamba lake limeyeyuka limegandana na waya za taa. Nilikata kwa wembe wa kunyolea wa mama mkwe, mikono inatetemeka. Msibani tulifika saa nne usiku, bila taa upande mmoja.

Tangu siku ile nikinunua waya nakwangua ncha kwa kisu kwanza. Ikiwa ndani nyeupe, ni alumini iliyopakwa rangi ya kopa, namrudishia mwenyewe dukani.

Fundi Bila Bisibisi
Nyundo umesema kweli. Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya, siyo sabufa. Kwa watt 150, waya namba 8 wa kopa tupu unatosha. Ukienda watt 500 za kweli, hata amplifaya ya kisasa itavuta kama ampea 45, na hapo alteneta ya IST bado ina taa, feni na AC ya kulisha.

Kitulizo, vipimo. Kulaza boksi hakubadilishi lita. "Nafasi ndogo kidogo" ni ndogo kiasi gani? Stepni iko wapi?

Kitulizo_Tz
Stepni niliitoa, iko nyumbani. Kimo kutoka nilipopima mpaka usawa wa juu wa siti ni sentimita 24.

Dada Spana
"Kutoka nilipopima" ni wapi? Na stepni inafanya nini nyumbani? Kaka, una mtungi wa gesi humo nyuma. Sema tukusaidie.

Popo wa Mchana
Eeh! Mwendesha mashtaka kaingia.

Kitulizo_Tz
Ndiyo, kuna mtungi. Sikuona kama ni ishu, ndiyo maana nikasema nafasi ndogo. Nimefunga gesi mwaka jana, nafanya tax mtandao, hesabu ya mafuta ilikuwa inanimaliza. Mtungi umelala nyuma ya siti, haumsumbui mtu.

Dada Spana
Haumsumbui mtu kwa sababu hujaulalia boksi. Mimi nina gari la gesi mwaka wa tatu sasa, nakueleza ninachokijua. Ule mtungi ukijaa una presha ya bar 200. Tairi lako lina kama bar 2. Valvu ya mtungi imefunikwa na kifuko chenye bomba la kutolea gesi chini ya gari, ili ikivuja isiingie mlimokaa. Gesi yetu ya Mtwara na Songo Songo ni nyepesi kuliko hewa, inapanda juu, na buti la IST halina ukuta. Juu ni kwenye kichwa chako na cha abiria wako.

Sasa mafundi wa mziki wanapenda skrubu. Boksi lisitembee, wanapiga skrubu nne kwenye sakafu. Bomba la chuma la kupeleka gesi mbele linapita chini ya sakafu hiyohiyo. Fundi wako anajua linapita upande gani?

Na zaidi ya hapo, valvu ya kufunga kwa mkono lazima uifikie kwa haraka. Siku ukinusa kitu utaanza kufungua boksi la kilo 20?

Kitulizo_Tz
Nawaelewa ila mnanitisha. Huyo fundi nimeongea naye, anasema atatengeneza boksi lenye mgongo wa mviringo likae juu ya mtungi kama tandiko la punda, hatapiga skrubu yoyote, atafunga kwa mikanda. Ameshafanya kwa watu wengi. Na kusema kweli nimeshampa kishika uchumba laki moja na nusu, inchi 12 ameshainunua. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Halafu na mimi nakaa barabarani saa kumi na nne kwa siku. Nikitaka kujistarehesha kidogo inakuwa dhambi? Nimeambatisha picha ya kazi yake moja, IST kama yangu, nayo ina mtungi. Tazameni kilivyokaa.

Dada Spana
Maji yanaogwa kaka. Gesi haiogwi.

Fundi Bila Bisibisi
Kwa hiyo ulikuja kuuliza "ipi inafaa" na umeshalipa. Ungesema tangu juzi nisingepoteza bando kueleza ndoo za maji.

Kinyonga Mweusi
Subirini kwanza. Kuzeni hiyo picha, angalieni mbele kupitia katikati ya siti. Usukani uko KUSHOTO. IST ya usukani kushoto inafanya tax mtandao Dar es Salaam? Hii chai wakuu, tena ya rangi. Mwezi wa nne huyuhuyu alileta uzi anauliza bei ya bodaboda ya mkopo. Leo ana IST, ana mtungi, ana kiwanja, ana laki nne. Naanza kuamini Kitulizo na Fundi Bila Bisibisi ni mtu mmoja anatafutia duka wateja.

Popo wa Mchana
Karanga zimeisha, nafuata maandazi. Chai ishakuwepo.

Fundi Bila Bisibisi
Mimi duka sina, na ningekuwa nalo nisingemkataza kununua. Tumia akili Kinyonga.

Mama Wawili wa Chanika
Mimi nilishangaa pale alipojibu "kiwanja kipo" harakaharaka.

Kinyonga Mweusi
Atupie picha ya gari lake leo, na karatasi yenye jina la humu iwe juu ya mtungi. Asipotupia, uzi ufungwe.

Msambaa wa Ohio
Samahani naingilia. Nipo Marekani mwaka wa tisa. Gari la kwenye picha si IST yenyewe, ni Scion xA, ndiyo IST waliyouziwa watu wa huku, modeli za 2004 hadi 2006. Nililiendesha mwenyewe. Na huo siyo mtungi, ni sabufa ya bomba la mviringo iliyovikwa zulia. Angalieni ncha ya kulia, kuna wavu wa spika. Sidhani mleta mada anadanganya. Aliyempa picha ndiye kamdanganya.

Babu Asiyesinzia
Naam. Mwenye macho huyo.

Kinyonga Mweusi
Au wote wawili wanadanganya. Mimi bado nasubiri karatasi.

Kitulizo_Tz
Wakuu, sikujibu jana, nilikuwa kwa fundi. Bodaboda niliyouliza mwezi wa nne ni ya mdogo wangu, haya. Na IST si yangu kwa asilimia mia, ni ya mkataba, imebaki miezi saba iwe yangu. Sikusema kwa sababu najua mngeanza na hilo.

Nimemwonyesha fundi ile picha nikamuuliza usukani. Akaitazama kama ndiyo mara ya kwanza anaiona, akasema "hiyo ni ya mfano tu". Nikamwomba anionyeshe gari moja tu la gesi alilofunga yeye. Hana. Inchi 12 aliyosema kanunua nayo haikuwepo, eti iko njiani. Tumevutana mpaka majirani wa duka wakaingilia, kanirudishia laki moja. Elfu hamsini anasema ni ya mbao, na mbao zenyewe sijaziona.

Karatasi ile pale kwenye picha Kinyonga, juu ya mtungi. Samahani kwa vumbi.

Kinyonga Mweusi
Mwandiko mbaya, ila nimekubali.

Dada Spana
Elfu hamsini hiyo isamehe. Mwenye gari angekuta tandiko la punda juu ya mtungi wake, mkataba ungerudi kuanza sifuri. Sasa tafuta ya chini ya siti. Nyingi hazizidi inchi 8, unene sentimita 7 au 8, amplifaya iko humohumo ndani, na siku ya kurudisha gari unaing'oa kwa dakika kumi. Pima kwanza chini ya siti, na siti uisogeze mbele na nyuma uone reli inapopita.

Kitulizo_Tz
Nimepima siti ya abiria, ni sentimita 9 na ushee.

Fundi Bila Bisibisi
Inaingia. Mpya kama JBL BassPro SL ni inchi 8, watt 125 RMS, ila bei yake itakuzidi. Angalia mtumba wa Japani, Carrozzeria, ndiyo Pioneer ya kwao. Mwambie muuzaji aiwashe hapohapo kwenye betri, uweke kiganja juu yake usikie kama koili inakwaruza. Na waya wa umeme upite upande mmoja wa gari, wa sauti upande mwingine, vinginevyo utasikia injini ikiimba singeli.

Kitulizo_Tz
Wakuu, mrejesho. Nimepata Carrozzeria ya mtumba kwa laki na themanini, nimeifunga jana na jamaa wa mtaani, fyuzi iko karibu na betri, waya tumeukwangua kwa kisu, ndani mwekundu. Haipigi kama ya harusini lakini abiria wangu wa kwanza leo asubuhi kauliza "kaka, umefunga mziki?" Nimefurahi sana. Ila ikizidi sauti kuna mlio mwembamba unapanda nikikanyaga mafuta.

Fundi Bila Bisibisi
Hongera. Huo mlio mara nyingi ni ethi. Waya wa ethi, ule wa hasi unaobanwa kwenye bodi, mmeubana wapi?

Kitulizo_Tz
Kwenye boliti ya mkanda wa usalama. Ilikuwa karibu.

Fundi Bila Bisibisi
Toa. Kesho asubuhi, kabla hujapakia mtu. Boliti hiyo ikazwe upya na isiguswe tena. Tafuta chuma kitupu cha bodi, kwangua rangi mpaka king'ae, ndipo ubane.

Popo wa Mchana
Maandazi bado mawili, nani anataka?