Mlezi wa kiroho wa kwenye simu: atambuliwe au la?

HOJA
Bwana asifiwe wapendwa. Hoja ni hii: kanisa lisimtambue mlezi wa kiroho wa mtandaoni mpaka awe chini ya ushirika wa mahali unaomjua kwa sura na unaoweza kumwita akajieleza. Hapa Malindi jambo hili si la nadharia. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, na baadhi ya waliohamia kule walianza kwa kufuata mahubiri kwenye televisheni na YouTube. Semeni, kwa adabu.

Mzee wa Ganda
Naunga mkono. Kumlea mtu si kumtumia mistari kila asubuhi. Chukueni matanga. Kijana wa Kigiriama ameokoka, babu yake amefariki, ukoo unachanga, na baadaye kuna kutambikia koma, yaani mizimu ya wahenga. Akimwuliza mlezi aliye Nairobi au Marekani atajibiwa, "Usiende, ni mapepo." Asipoenda, ukoo wote unamhesabu mtoro, na ushuhuda wake kwao umekwisha.

Mzee wa hapa anajua kutenganisha. Sanduku la maiti na chakula cha waombolezaji ni jambo moja, pombe ya mnazi inayomwagiwa koma ni jingine. Atamfungulia 1 Wakorintho 10:27-28: kula ulichoandaliwa bila kuulizauliza, lakini mtu akikwambia kimetolewa sadaka, acha. Kisha atampa la kufanya: mchango ampe aliyeshika daftari mapema, kabla hesabu hazijachanganywa, na aseme mbele ya mashahidi kwamba ni wa sanduku. Jioni ya mazishi abaki na wafiwa, ila matambiko yakianza aage. Hayo utayajuaje ukiwa hujawahi kukaa kwenye mkeka wa matanga?

Mwalimu, Lamu Mashariki
Shikamoo mzee. La koma sina ubishi nalo. Lakini hoja hii imeandikwa na watu wenye makanisa matatu mtaa mmoja. Mwalimu au muuguzi Mkristo aliyepangiwa Kizingitini au Kiunga atakaa majuma mengi bila ibada ya pamoja. Kwenda Lamu mjini ni boti, na kusi likivuma kuna siku boti hazitoki. Huyo asilelewe? Paulo alimlea Timotheo kwa barua, na barua hizo tunazisoma mpaka leo.

Mzee wa Ganda
Marahaba mwanangu. Barua zilikuja baada ya safari. Matendo 16 inaonyesha ndugu wa Listra na Ikonio walikuwa wakimshuhudia vizuri Timotheo kabla Paulo hajamchukua, kisha wakatembea pamoja. Na hata katika waraka wa pili, sura ya 4, Paulo anamsihi mara mbili aje, tena kabla ya majira ya baridi. Barua haikumtosha hata aliyeiandika.

Mama wa Maweni
Wazee wangu, mmewasahau wasichana. Katika ushirika wa watu arobaini, mzee wa kanisa ni mjomba wako na mke wa mchungaji hununua mboga kwa mama yako. Msichana mwenye jambo zito ataanza kulisema wapi? Mtandao humpa sikio lisilo la mtaani. Mimi napinga hoja, ila kwa masharti, kwa sababu makundi mengi yanaharibika kwa mambo yale yale.

Idadi kwanza. WhatsApp inaruhusu hadi watu 1,024, na kundi la namna hiyo ni la matangazo, si la malezi. Malezi ni watu wanane hadi kumi na wawili. Wakizidi, watatu wanaongea na wengine wanasoma kimya, na anayezama haonekani. Viongozi wawe wawili, mwanamume na mwanamke. Maungamo yasiandikwe kundini kamwe. Kuweka ujumbe ujifute baada ya saa 24 hakuzuii mtu kupiga picha ya skrini. Jambo la siri lisemwe kwa simu, na mwanamke mwenzake. Mlezi wa kiume akianza kumwandikia binti pembeni saa nne usiku, hata kama ni maombi, binti amjumuishe mama wa kundi hapo hapo. Mwenye nia safi hatakasirika. Na "sadaka ya mbegu", ile unayoahidiwa itakurudia kwa baraka, ikiombwa itumwe kwa M-Pesa ya mtu binafsi, siku hiyo hiyo toka.

Katibu wa Vijana, Watamu
Mnabishana kuhusu simu na mkeka. Mimi nauliza: mlezi anapingika? Mpime kwa jambo dogo, kwa mfano zaka itolewe kabla au baada ya makato ya mshahara. Mpinge kwa upole, kwa andiko. Akieleza, kaa. Akiufuta ujumbe wako, au akifunga kundi waandike wasimamizi peke yao, umeshajibiwa. Waliohamia Shakahola, walipokuwa bado majumbani, walikuwa na shangazi na majirani wa kuwauliza maswali. Msituni maswali yaliisha.

Kwa makundi yanayojadili ubatizo wa wachanga au kunena kwa lugha (hayo ndiyo huvunja makundi), utaratibu unaofaa ni huu. Kabla ya kujibu, rudia hoja ya mwenzako mpaka akubali kwamba umemwelewa. Taja sura nzima, si mstari uliokatwa. Ukiwa na hasira tumia sauti badala ya maandishi, isizidi dakika mbili, maana maandishi hayabebi upole. Mtu akikosea katika mafundisho, fanyeni kama Prisila na Akila walivyofanya na Apolo, Matendo 18:26: walimchukua kando, hawakumkatiza sinagogini. Akimkosea mtu, Mathayo 18:15 yaanza na wawili faraghani, si kundini.

Na tusijidai sisi ndio wa kwanza. Mwaka 1542 mmisionari Mkatoliki Francis Xavier alitua Malindi akielekea India, akazungumza dini na Mwislamu mwenye heshima wa mji huu, aliyemlalamikia kwamba kati ya misikiti 17 ni mitatu tu iliyokuwa na watu. Waliachana kila mmoja na msimamo wake. Walikuwa dini mbili, sisi ni moja na tunashindwa kumaliza juma bila kugombana.

Mzee wa Ganda
Nimesikia. Narekebisha hoja: mlezi wa mtandaoni atambuliwe akileta barua ya mchungaji wa kanisa lililosajiliwa, pamoja na namba ya simu ya mtu wa kumlalamikia.

Mwalimu, Lamu Mashariki
Usajili si kinga, mzee. Kanisa la Mackenzie nalo lilikuwa limesajiliwa, na usajili ukafutwa Mei 2023, makaburi yakiwa yameshaanza kufukuliwa. Namba ya kulalamika naikubali kwa mikono miwili. Barua, hapana. Mchungaji atamnyima mlezi mzuri kwa sababu tu si wa dhehebu lake.

Mama wa Maweni
Badala ya barua, waulizwe watu watatu aliowalea, na mmoja wao awe aliyetoka kundini. Huyo aliyetoka apigiwe kwanza.

Mzee wa Ganda
Aliyetoka ana kinyongo, mama.

Mama wa Maweni
Ndiyo maana nikasema watatu.